Neno Lililopimwa kwa Magoti

Watu wengi wamemuuliza shemeji yangu neno lake lilitoka wapi, na kila mmoja amepewa jibu lake, kama nguo za mtumba: chukua inayokukaa. Mtangazaji wa redio aliambiwa lilitoka kwa kipofu mmoja aliyelazwa naye wodi moja. Mwenye ukumbi wa sinema ya zamani aliambiwa ni la bibi mzaa baba, aliyelitamka mara moja tu katika maisha yake na mvua ikakatika. Mwalimu mmoja mstaafu yeye hakuuliza. Alikuja na jibu lake kwapani, akamkalisha shemeji nyuma ya jukwaa na kumfafanulia kwamba kulumba ni kusema kwa ufasaha, kadari ni majaliwa, basi anayetamka Lumbakadari anasema na majaliwa yake uso kwa uso. Shemeji alilipenda hilo mpaka akalikariri. Tangu siku hiyo alilitoa kwa watu wazito tu, wale wenye tai.

Mimi najua lilikotoka kwa sababu nilikuwepo, nimeshika bisibisi.

Shemeji ni mume wa dada yangu, na kazi yake ni mazingaombwe. Kwenye mabango anaitwa Profesa, ingawa shule aliijua zaidi kwa nje, upande wa uzio. Dada yangu ndiye aliyekuwa akiingia sandukuni na kupotea. Profesa alitaka jina lake la jukwaani liwe Malkia wa sijui nini. Mimi nikamwita Sindano, kwa jinsi alivyokuwa mwembamba wa kupenya popote, na kwa ulimi wake pia, na ndilo lililoshika. Mimi ni seremala. Sanduku nililiunda mimi, na wakati wa onyesho nilikaa nyuma ya pazia nikipiga kinanda, nikiruka noti chache kwa sababu kidole kimoja nilikiacha kwenye msumeno zamani, nilipokuwa na haraka ya kutajirika.

Siri yenyewe niseme tu, sasa hivi haina wa kumdhuru. Sanduku lina sakafu mbili. Mtu akishafungiwa ndani anageuka ubavu, anainua ubao wa sakafu ya juu, anateremka kwenye nafasi iliyo chini yake, anakunja magoti mpaka kidevuni, kisha anaurudisha ubao juu yake kama mtu anayejifunika shuka. Profesa akifungua, watu wanaona sanduku tupu. Akifunga na kufungua tena, Dada yumo, anatabasamu, nywele hazijavurugika. Kazi yote ni ya aliye ndani. Aliye nje kazi yake ni kupiga domo, na kwa hilo shemeji yangu Mungu hakumbania.

Lakini mwanzoni hata domo hakuwa nalo. Tulikuwa tunafanya mazoezi chumbani kwao, kitanda tumekisimamisha ukutani ili sanduku lipate pa kukaa, na wakati Dada anajikunja mle ndani Profesa alisimama kama mtu anayesubiri choo. Ubao unasikika, gauni linasikika. Akajaribu kuimba, jirani akagonga ukuta. Akajaribu kuhesabu, Dada akamwambia kutoka ndani kwamba ukihesabu na watu watahesabu, wajue kuna mtu humu anayesubiri zamu. Akajaribu dua, na hapo Dada akafungua kifuniko kabisa na kugoma, akasema Mungu asiingizwe sandukuni. Ndipo mimi nikasema, kwa utani, aseme neno ambalo si la mtu yeyote. Neno lenye maana watu hulisikiliza, na masikio yakishafunguka yatasikia na ubao. Neno lisilo na maana watu hulitazama mdomoni.

Basi akaanza kubwabwaja kinachomjia, polepole, kwa kuvuta, na Dada alipokwisha kujikunja alikwaruza ubao kwa ukucha kuonyesha yuko tayari. Pale ukucha ulipokwaruza ndipo Profesa alipofunga mdomo. Kilichokuwa kimetoka ni Lumbakadari. Ndiyo asili yake yote. Lilikatwa kama suruali inavyokatwa, kwa kumpima mwenyewe, na mwenyewe alikuwa dada yangu. Urefu wa neno ulikuwa urefu wa kukunja magoti yake.

Kwa neno hilo tulikula miaka mingi. Tulizunguka shule, kumbi, harusi za watu wasiotujua, uzinduzi wa maduka. Binti yao alipozaliwa alilala mchana mle sandukuni, kwenye sakafu ya juu, maana hatukuwa na kitanda cha mtoto, na nilikuwa nikimtania Dada kwamba huyu tukimfunika vibaya atapotea moja kwa moja. Akakua, akawa msusi mwenye saluni yake ya viti viwili, msichana mwenye akili zake, asiyependa hata kidogo kuulizwa na wateja kama baba yake anaweza kugeuza karatasi ikawa noti.

Neno lilianza kurefuka msimu mmoja wa baridi. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, sakafu ya saruji, upepo unaingia chini ya mlango. Profesa alitamka Lumbakadari kama kawaida, mkono wake juu ya kifuniko, na ukucha haukuja. Mimi nyuma ya pazia niliinua vidole kwenye kinanda. Profesa hakupepesa jicho. Akaongeza, kwa sauti ileile, "madari," na hapo ukucha ukakwaruza. Watu hawakuona kitu. Tukiwa tunakunja vitambaa Dada akamwambia mumewe kwamba leo ameongeza maringo. Profesa akajibu kwamba ameona wanapenda.

Hawakusema zaidi ya hapo, siku hiyo wala nyingine. Ila madari lilibaki humo. Msimu uliofuata likaja shungudari. Kisha makumbadari. Neno likaota mikia kama tiara, na watoto wakalipenda kwa ajili ya mikia hiyo. Ungewakuta njiani wanashindana nani atalimaliza kwa pumzi moja. Dada alikuwa akimcheka mumewe mbele za watu, anasema mwanamume huyu anaipenda sauti yake kuliko chakula, siku moja atalisema neno mpaka watu wazeeke kwenye viti. Profesa alicheka naye. Na mimi, kila tulipolirudisha sanduku kwenye karakana yangu kupigwa rangi, nilichonga kidogo sakafu ya chini, unene wa kucha, nikaongeza nafasi ambayo mtu wa nje asingeiona. Sikuulizwa na sikusema. Dada akiingia sandukuni baada ya rangi mpya alisema tu kwamba safari hii nimefanya kazi kama fundi, si kama ndugu.

Ni mimi niliyempeleka hospitali, siku ambayo Profesa alidhani tumekwenda kununua kitambaa. Daktari alikuwa mtu mzuri, alimwonyesha picha ya magoti yake, akamweleza kwamba gegedu limesagika, mfupa sasa unakutana na mfupa. Asipige magoti, asichuchumae, asipande ngazi asipolazimika. Akamuuliza anafanya kazi gani. Dada akasema anapotea. Daktari akamwangalia, akaniangalia mimi, nikamwambia ni kweli, daktari, na analipwa kwa hilo.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje, ananyoosha miguu, na nilikuwa nimeshaandaa utani wangu wa kwamba tumtafutie sanduku lenye ngazi ya umeme. Hakunipa nafasi.

"Mdogo wangu," akasema, "nje ya lile sanduku mimi ni nani? Niambie wewe unayejua kusema. Naingia mle, watu wote wanashika roho zao mikononi, wananitafuta mimi. Kwingine wapi kuna mtu ananitafuta?"

Nikamwambia mumewe. Akasema mumewe anamwona kila siku, na mtu anayeonekana kila siku hatafutwi. Akaniapisha nisimwambie Profesa aliyosema daktari. Nyumbani alisema ni baridi tu, itapita. Profesa akasema naam, baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Walidanganyana hivyo kwa adabu kubwa, kama wageni wanaopishana mlangoni, na neno likaongezeka mkia mwingine, wa Tandadari.

Mchana ambao mambo yaliharibika tulikuwa kwenye ukumbi wa mtaa, shule zimefungwa, watoto wamejaa mpaka madirishani. Asubuhi nilikuwa nimemwona Dada akishuka kitandani kwa kuushika ukuta. Nilimwambia tuache, nikaseme sanduku limevunjika. Akaniambia nikalivunje kweli basi, maana yeye hasemi uongo juu ya kazi. Akavaa gauni lake la kung'aa, akapaka rangi ya mdomo mwenyewe, akaingia jukwaani akitembea kama msichana. Jinsi alivyofanya hivyo mpaka leo sijui, labda hayo ndiyo yalikuwa mazingaombwe yenyewe.

Akaingia. Profesa akafunga. Nikapiga kinanda. Akaweka kiganja juu ya kifuniko na kuanza: Lumbakadari, madari, shungudari, makumbadari wa Tandadari. Watoto walimfuatisha ukumbi mzima na walipofika mwisho wakashangilia. Ukucha haukuja.

Profesa akalirudia kutoka mwanzo, kwa sauti nzito zaidi, kama kwamba ndivyo ilivyopangwa. Watoto wakafurahi, wakamfuatisha tena. Ukucha haukuja. Akaongeza mkia mpya, na mwingine, kwandari, fundari, chochote chenye dari, na watoto wakajaribu kumfuata wakashindwa, wakacheka. Mimi nilikuwa nimeacha kupiga, nimeweka sikio kwenye pazia. Nilisikia vishindo fulani vidogo, ubao ukiinuka na kushuka, ukiinuka na kushuka.

Kisha upuuzi ukamwishia. Nilikuwa sijawahi kuona hilo kwa yule mtu. Alisimama na mdomo wazi, kiganja juu ya sanduku, na kilichotoka, kwa sauti ileile ya kuvuta, sauti ya mabango, hakikuwa upuuzi tena. Alitaja chumba chao cha kwanza cha uani. Alitaja bati lililovuja juu ya kitanda. Alitaja gauni la bluu la kuazima. Alitaja yule mtoto wa mwanzo, aliyekuja kabla ya binti na hakufikia kupewa jina. Alimwita tu mgeni wa asubuhi. Alitaja sufuria isiyo na mkono, na viatu alivyomnunulia vikambana naye akavivaa mwaka mzima bila kusema. Watoto mwanzoni walicheka, wakidhani ni maneno ya uchawi. Baadaye wakanyamaza. Watu wazima waliosimama nyuma walinyamaza kabla yao.

Aliendelea kutaja. Angeweza kufungua. Angefungua, watu wangeona mwanamke amekwama nusu juu nusu chini, wangecheka au wangemhurumia, na yote yangekwisha. Hakufungua. Nikavuta pazia mimi, nikapiga wimbo wa kuagia haraka haraka, noti zikaanguka ovyo.

Tulipoinua kifuniko alikuwa ubavu, goti moja limekataa kukunjika na jingine limekataa kukunjuka, ubao umemkalia kiunoni. Uso ulikuwa umelowa na ile rangi ya mdomo imeenea shavuni. Hakupiga kelele hata moja, maana upande wa pili wa pazia watoto walikuwa bado wanauliza ameenda wapi. Kumwinua hatukuweza. Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua ubao wa pembeni, skrubu moja baada ya nyingine. Profesa alikuwa amepiga magoti, uso wake karibu na wake.

"Ungefungua tu," Dada akamwambia.

"Hujakwaruza," akajibu.

Nikaendelea na skrubu mpaka tukamtoa.

Nilidhani kazi imekufa siku hiyo. Profesa naye alidhani hivyo, alianza hata kuniuliza kama naweza kuligeuza sanduku kabati la nguo. Dada ndiye aliyekataa. Watoto wameshatangaziwa onyesho jingine kabla shule hazijafunguliwa, alisema, na sanduku lililotengenezwa vizuri haliwekewi mashati. Akamwita binti yake.

Binti alikuja amevaa aproni ya saluni, mikono inanuka mafuta ya nywele. Alipoelezwa alikaa chini. Akasema hawezi, kwamba tangu utotoni sanduku lile kwake ni la mama, ni kama kuambiwa avae ngozi yake.

"Sanduku ni la mjomba wako," Dada akamwambia. "Ya kwangu ni magoti, na hayo sikupi. Ingia."

Tulifanya mazoezi sebuleni. Dada alikaa kwenye kiti, miguu juu ya stuli, kitambaa cha maji moto juu ya magoti, anaamrisha. Binti akaingia, nikafunga. Profesa akaweka kiganja na kuanza neno lake. Alikuwa bado hajamaliza mwanzo wake ukucha ukakwaruza. Yeye akaendelea. Alilipitia lote, mkia kwa mkia, taratibu, macho yake kwenye kifuniko, na ndani yule binti akakwaruza tena, na tena, akidhani hajasikika.

"Kata," Dada akasema.

Profesa akamtazama kama hakuelewa.

"Wa Tandadari, toa. Hiyo ni ya nilipoanza kushika ukuta nikiamka. Huyu hashiki ukuta." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepunguza gauni la marehemu limfae mwingine. "Makumbadari toa. Hiyo ni ya goti la kulia, lilipovimba tukiwa safarini. Shungudari ni ya goti la kushoto. Madari ni ya ule ukumbi wa saruji. Toa."

Sijawahi kumwona shemeji yangu akikosa pa kuweka mikono. Miaka yote hiyo alikuwa akimfichia, na aliyefichiwa alikuwa anajua kila kipande na siku yake.

"Ulijua," akasema.

"Ulidhani nilikuwa nalala mle ndani? Nilikuwa nasikia unavyonisubiri. Kila mwaka unasubiri zaidi kidogo." Akaugeuza uso dirishani. "Ndiyo maana sikuacha mapema. Ningeacha mapema, magoti yangebaki. Lakini mtu akikusubiri vile unatoka vipi?"

Hapo mimi kwa kawaida ndipo ninapotia neno, hata la kipuuzi, watu wapumue. Nililitafuta. Nikaona bora nikaze bawaba ambayo haikuwa imelegea.

Likabaki Lumbakadari peke yake, kama lilivyokuwa mwanzo. Profesa akajaribu nalo, na kabla hajafika katikati ukucha ukaja tena, na sauti ya binti ikasikika chini ya mbao mbili, ya mtu anayehofia kukosea: "Baba, nimeshafika, mbona hamfungui?" Yule ana mifupa ya msichana, anapenya kama maji. Hata neno la siku ya kwanza lilikuwa refu kwake. Profesa akajaribu kulisema upesi na likawa linachekesha, kama mtu anayekwenda chafya. Dada akasikiliza mara moja ile, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba nalo litoke. Asiseme kitu. Ainue mkono, afungue.

Ndivyo ilivyokuwa. Dada hakuja kwenye onyesho, alisema atapika. Binti aliingia, Profesa akafunga, akainua mkono, akafungua, tupu, watu wakapiga makofi. Lilikuwa onyesho safi kuliko yote tuliyowahi kufanya. Watoto wachache kule nyuma walianza kulisema lile neno refu wenyewe kwa kuwa walikuwa wamelijia, na walipofika shungudari binti alikuwa ameshapotea na kurudi na kuinamisha kichwa, wakaacha.

Binti alipitia saluni kwake. Sisi wawili tulirudi na sanduku, jua linaelekea kushuka, tukamkuta Dada kakaa jikoni kwenye kiti cha chini, chakula kimeiva, moto ameuzima. Akauliza kama binti alichelewa.

"Hapana," Profesa akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Dada akaitikia kwa kichwa. Akasema vizuri, basi tunawe mikono, atupakulie. Nikasogea nimsaidie, akanikata kwa jicho. Akaweka kiganja kimoja kwenye meza na kingine kwenye goti, akaanza kusimama. Ilichukua muda. Alifika nusu akatulia, akavuta pumzi, akaanza tena. Profesa alikuwa amesimama mlangoni, begi la vitambaa bado begani, anamtazama, na midomo yake ilikuwa imefunguka. Haikutoka sauti. Jikoni palikuwa kimya kiasi kwamba sote tulisikia magoti.